Sheria mpya za soka: kwa nini shabiki wa Chang'ombe hununa kwanza, kisha huzoea

KILA ifikapo Julai mosi, soka duniani huingia katika toleo jipya la kitabu chake cha sheria. Kitabu hicho hutolewa na Bodi ya Kimataifa ya Vyama vya Soka, inayojulikana kwa kifupi cha IFAB. Idadi ya sheria hubaki ileile, 17, lakini ndani yake huwamo mstari ulioongezwa, neno lililofutwa au adhabu iliyobadilishwa, na mstari mmoja wa namna hiyo waweza kuamua ni timu ipi itakayonyanyua kombe.

Kwa mkazi wa Chang'ombe, wilayani Temeke, jambo hilo haliko mbali. Jirani yake upo Uwanja wa Uhuru, ambao wengi huuita Shamba la Bibi, na kando yake Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye uwezo wa kuchukua watazamaji 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007 na kupewa jina la Rais huyo wa Awamu ya Tatu baada ya kifo chake Julai 2020. Uamuzi unaopitishwa na watu wachache ukumbini ng'ambo hushuka hadi kwenye nyasi za viwanja hivyo, na kutoka hapo huingia vijiweni, kwenye vibanda umiza na katika mechi za ndondo.

Makala haya yanaeleza sheria hizo huandikwa na nani, mashabiki wamezipokea vipi kwa nyakati mbalimbali, na kwa nini baadhi zimekubalika upesi ilhali nyingine zimeacha kinyongo kisichokwisha. Historia inaonyesha kwamba shabiki hana ugomvi na upya wa sheria. Ugomvi huanza pale sheria inapomfikia kama hukumu kabla ya kumfikia kama maelezo.

Nani mwenye kalamu?

IFAB ilianzishwa mwaka 1886 na vyama vinne vya soka vya England, Scotland, Wales na Ireland, wakati ambapo kila kimoja kilikuwa na sheria zake na mechi baina yao zilikuwa na mabishano yasiyokwisha. Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, liliasisiwa mwaka 1904 na kupewa nafasi ndani ya bodi hiyo mwaka 1913. Hadi leo bodi ina kura nane: FIFA ina kura nne kwa niaba ya wanachama wengine wote duniani, Tanzania ikiwa miongoni mwao, na vyama vinne vya Uingereza vina kura moja moja, hiki cha Ireland sasa kikiwa ni cha Ireland ya Kaskazini. Badiliko lolote huhitaji robo tatu ya kura, yaani kura sita. FIFA peke yake haiwezi kubadili sheria, na Waingereza peke yao hawawezi.

Mpangilio wa sheria 17 tunaoufahamu uliandikwa upya mwaka 1938 na Stanley Rous, Mwingereza aliyekuja kuwa Rais wa FIFA miaka ya 1960. Marekebisho makubwa mengine ya lugha na mpangilio yalifanyika mwaka 2016, kitabu kilipofupishwa na kuondolewa maneno mengi yaliyokuwa yakijirudia.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa sana katika mazungumzo ya vijiweni. Sheria za Mchezo ndizo hueleza kuotea ni nini, penalti hupigwaje, na golikipa anaruhusiwa kushika mpira wapi. Hizo ni za IFAB na ni zilezile kutoka Temeke hadi Tokyo. Kanuni za Mashindano ni kitu kingine: hueleza timu zikifungana pointi au magoli nani anasonga mbele, wachezaji wangapi wa kigeni wanaruhusiwa, na mechi ikivunjika nini kifanyike. Hizo huandikwa na mwenye mashindano, kama Shirikisho la Soka Afrika, CAF, au Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF. Shabiki anayemlaumu mwamuzi kwa kanuni ya mashindano anamlaumu mtu asiyehusika, kwa kuwa mwamuzi hakuiandika wala hana uwezo wa kuigeuza.

Sheria zilizopokewa na kudumu

Mfano wa zamani wa badiliko kubwa ni ule wa mwaka 1925. Kabla ya hapo, mshambuliaji alihesabiwa kuwa ameotea iwapo kati yake na mstari wa goli walikuwepo wapinzani pungufu ya watatu. Walinzi wajanja waligundua kwamba mmoja wao akisogea mbele kidogo tu, safu nzima ya ushambuliaji ya wapinzani huwa imenaswa. Mechi zilidorora. Bodi ikapunguza idadi kutoka wapinzani watatu hadi wawili. Katika Daraja la Kwanza la England, magoli yalipanda kutoka 1,192 msimu wa 1924/25 hadi 1,703 msimu uliofuata. Walinzi na makocha walilalamika, lakini mtazamaji aliyelipa kiingilio aliona magoli kwa macho yake. Mjadala ukaisha.

Mwaka 1992 ukaja mfano wa pili, ambao wazee wa soka wa Dar es Salaam wanaukumbuka. Kombe la Dunia la mwaka 1990 nchini Italia lilikuwa na wastani wa magoli 2.21 kwa mechi, na timu zilizoongoza zilizoea kumrudishia mpira golikipa, naye akaudaka, akaudundisha, akautupa kwa beki, beki akamrudishia tena, hadi dakika zikaisha. Bodi ikaamua kwamba mpira uliorudishwa kwa makusudi kwa mguu na mchezaji wa timu yake, golikipa asiushike kwa mikono. Akiushika, wapinzani wapewe mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja.

Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, vituo vya kwanza vikianza mwaka 1994. Habari za soka zilikuja kwa redio na magazeti, na ni dhahiri kwamba wengi walioketi kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa, kama Uwanja wa Uhuru ulivyoitwa wakati huo, walikutana na sheria hiyo kwa mara ya kwanza kupitia filimbi. Hata hivyo ilikubalika. Sababu zake ni rahisi kuzitambua. Kila mtu uwanjani aliweza kuona kosa lenyewe: mguu umerudisha, mkono umedaka. Kila mtu alifahamu ugonjwa uliokuwa ukitibiwa, kwa kuwa alikwisha kuchoka kuuona. Na ilizihusu timu zote siku ileile. Leo kijana wa umri wa miaka 25 hajui kwamba palikuwepo na wakati ambapo mambo yalikuwa vinginevyo.

Kutokana na mifano hiyo miwili tunaweza kuchota vipimo vitatu vya sheria itakayokubalika: ionekane kwa macho ya aliye jukwaani, sababu yake ifahamike kabla haijatumika, na iwahusu wote kwa pamoja. Vipimo hivyo vitatusaidia kuelewa sheria zilizozua manung'uniko.

Dhahabu na fedha zilizochacha

Si kila kilichoandikwa na bodi hudumu. Mwaka 1993 iliruhusiwa kanuni ya goli la dhahabu: katika muda wa nyongeza, timu itakayofunga kwanza imeshinda na mpira umekwisha hapo hapo. Nia ilikuwa kuzifanya timu zishambulie badala ya kungojea penalti. Oliver Bierhoff aliipa Ujerumani Kombe la Mataifa ya Ulaya mwaka 1996 kwa goli la aina hiyo, na David Trezeguet akaipa Ufaransa kombe hilohilo mwaka 2000.

Kwa Mwafrika, kumbukumbu iliyo karibu zaidi ni ya Senegal katika Kombe la Dunia la mwaka 2002. Goli la dhahabu la Henri Camara liliitoa Sweden na kuipeleka Senegal robo fainali. Siku sita baadaye Senegal hiyohiyo ilitolewa na Uturuki kwa goli la dhahabu. Kanuni iliyowapa Waafrika furaha ndiyo iliyowanyang'anya, bila dakika hata moja ya kujibu.

Timu nyingi zilijibu kanuni hiyo kwa kuogopa. Badala ya kushambulia zilijifungia, kwa kuwa kosa moja lilikuwa kifo. Ikajaribiwa nafuu iliyoitwa goli la fedha, ambapo mechi iliendelea hadi mwisho wa kipindi cha dakika 15 kilichokuwa kikichezwa. Ugiriki iliitoa Jamhuri ya Czech kwa kanuni hiyo katika nusu fainali ya Ulaya mwaka 2004, na baada ya mashindano hayo zote mbili zikafutwa. Bodi ilijirekebisha. Mashabiki waliosema tangu mwanzo kwamba mpinzani anastahili nafasi ya kujibu walikuwa wameona mbali.

Goli la ugenini: kanuni moja, mabara mawili

Kinyongo kikubwa zaidi katika mitaa inayouzunguka Uwanja wa Mkapa kinatokana na kanuni ya mashindano iliyo ya zamani kuliko mashabiki wengi. Ni kanuni ya goli la ugenini: timu zikilingana kwa jumla ya magoli katika mechi mbili, iliyofunga mengi zaidi ugenini inasonga mbele.

Kanuni hiyo ilianza kutumika Ulaya msimu wa 1965/66. Zamani timu zikilingana zililazimika kurudiana katika uwanja wa tatu, safari zilikuwa ndefu na za gharama, na timu ngeni ilikuwa ikijihami tu kuanzia filimbi ya kwanza. Goli la ugenini lilikusudiwa kuipa timu hiyo sababu ya kushambulia. Juni 2021, Shirikisho la Soka Ulaya, UEFA, liliifuta kanuni hiyo katika mashindano yake yote ya klabu. Maelezo yalikuwa kwamba faida ya kucheza nyumbani imepungua kuliko zamani, na kwamba kanuni sasa inazitia hofu timu wenyeji, zinazoogopa kufungwa kuliko zinavyotamani kufunga.

CAF iliendelea nayo. Tazama hesabu ilivyoziangukia klabu za Dar es Salaam. Agosti 2019, Simba ilitoka sare ya 0-0 na UD Songo nchini Msumbiji, kisha ikatoka sare ya 1-1 nyumbani, ikatolewa. Wakati huo Ulaya nayo ilikuwa ikiitumia kanuni hiyo, hivyo lawama zilielekezwa zaidi kwa wachezaji. Oktoba 2021, Simba ilishinda 2-0 dhidi ya Jwaneng Galaxy nchini Botswana, ikafungwa 3-1 kwenye Uwanja wa Mkapa. Jumla ilikuwa 3-3, na wageni walikuwa wamefunga magoli matatu ugenini dhidi ya mawili ya Simba. Ulaya ilikuwa imekwisha kuifuta kanuni hiyo miezi minne kabla.

Kisha ikaja fainali ya Kombe la Shirikisho la mwaka 2023. Mei 28, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger ya Algeria mbele ya mashabiki wake kwenye Uwanja wa Mkapa. Juni 3 ikaenda Algiers na kushinda 1-0. Jumla 2-2. Yanga haikupoteza mechi ya marudiano, haikuzidiwa kwa jumla ya magoli, na haikupigiwa penalti hata moja ya kuamua mshindi. Kombe likabaki Algiers kwa hesabu ya magoli mawili ya ugenini dhidi ya moja.

Je, CAF ilikosea? Zipo hoja za kuitetea. Usafiri kati ya nchi za Afrika bado ni mgumu na wa gharama, na timu mgeni barani humu bado hukutana na mazingira ambayo klabu za Ulaya zimeyasahau. Sababu zilizoifanya Ulaya iifute kanuni hiyo hazilazimiki kuwa sababu za Afrika. Pia kanuni ilikuwa imeandikwa na kujulikana kabla ya mashindano kuanza, na klabu zote ziliikubali zilipojiandikisha. Mwaka 2025 ilikuwa bado ikifanya kazi: Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini iliitoa Al Ahly ya Misri katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Aprili mwaka huo kwa sare ya 0-0 nyumbani na 1-1 jijini Cairo.

Lakini shabiki wa Temeke hutazama Ligi ya Mabingwa ya Ulaya siku ya Jumatano na ya Afrika siku ya Jumamosi. Katika siku tatu anaona toleo mbili za mchezo mmoja, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Kipimo cha tatu, kile cha kuwahusu wote kwa pamoja, ndicho kilichovunjika hapa. Anayeona jirani amesamehewa deni alilolipishwa yeye, hata kama mkataba wake ni tofauti, atauliza maswali.

Video na goli la Pretoria

Mwamuzi msaidizi wa video, VAR, aliingizwa rasmi katika sheria mwaka 2018, akatumika katika Kombe la Dunia la Urusi mwaka huohuo. Madai ya teknolojia yalipata nguvu tangu Juni 2010, shuti la Frank Lampard wa England lilipovuka mstari wa goli la Ujerumani kule Bloemfontein na mwamuzi asione. Mwaka 2012 bodi iliruhusu mitambo ya mstari wa goli, inayomtaarifu mwamuzi mara mpira unapovuka mstari. Mitambo hiyo ni kitu tofauti na VAR, na si kila mashindano yenye VAR yanayo.

Ilipoingizwa, VAR iliruhusiwa kuingilia mambo manne tu: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mwamuzi anapomwadhibu mchezaji asiyehusika. Tena haingilii kila shaka. Sheria inataka pawepo kosa lililo wazi na dhahiri.

Aprili 5, 2024, Yanga ilikuwa Pretoria kurudiana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, baada ya sare ya 0-0 kwenye Uwanja wa Mkapa. Katika kipindi cha pili, shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mwamba wa juu, likadunda chini na kutoka nje ya goli. Picha za televisheni ziliwafanya mashabiki wa Yanga waamini kwamba mpira ulikuwa umevuka mstari. Mwamuzi hakutoa goli, na chumba cha video hakikubadili uamuzi. Mechi ilikwisha 0-0, na Sundowns ikashinda kwa penalti 3-2.

Mjadala wa mpira ule kuvuka au kutovuka unaweza kuendelea miaka mingi. Kinachohusu makala haya ni jinsi uamuzi ulivyomfikia shabiki. Aliahidiwa mashine itakayomaliza ubishi. Alichopata ni ukimya: watu wasioonekana, katika chumba kisichoonekana, wamefikia uamuzi ambao sababu zake hazikutangazwa uwanjani. Mwamuzi wa zamani aliyekosea alikosea mbele ya macho ya wote, na shabiki aliweza kumhurumia kwa kuwa naye ni binadamu mwenye macho mawili. Chumba cha video hakihurumiwi.

FIFA yenyewe inaelekea kulitambua hilo. Kuanzia mwaka 2023, katika mashindano kadhaa likiwamo Kombe la Dunia la Wanawake, mwamuzi aliyetazama video alitangaza uamuzi wake na sababu yake kwa kipaza sauti mbele ya uwanja mzima. Jambo hilo halimfurahishi aliyenyimwa goli, lakini linamwondolea hisia ya kudharauliwa.

Chandimu na bao: wenye mchezo ndio wenye sheria

Ili kuona vizuri jambo hili, yafaa kutazama michezo isiyo na bodi. Watoto wanaocheza chandimu katika vichochoro vya Chang'ombe hubadili sheria kila jioni. Goli ni mawe mawili, urefu wa mwamba ni pale mkono wa golikipa unapofika, na idadi ya wachezaji ni waliopo. Hakuna anayelalamikia toleo jipya, kwa kuwa kila mchezaji alikuwepo lilipotungwa. Tatizo lao ni moja tu, nalo linajulikana: mwenye mpira. Akikasirika, huondoka nao, na mchezo umekwisha.

Bao ni mfano mwingine. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na mchezo hupita katika hatua ya namua kabla ya kufika mtaji. Hakuna shirikisho la dunia lililowatumia wazee wa barazani kitabu cha sheria. Sheria zimo vichwani mwa wachezaji, na tofauti ndogondogo za mahali na mahali humalizwa kwa makubaliano kabla kete ya kwanza haijawekwa. Anayeanza hufundishwa bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili, kisha hupanda ngazi. Hivyo mtu huijua sheria kabla sheria haijamhukumu.

Soka la mashindano haliwezi kuendeshwa hivyo, kwa kuwa timu ya Dar es Salaam na ya Algiers haziwezi kuafikiana barazani. Hata hivyo somo la bao linabaki: sheria iliyofundishwa kwanza haizui ugomvi mkubwa inapotumika.

Somo kutoka meza za Marekani

Upo mchezo mmoja duniani ambao historia yake ya matoleo mapya inaeleza jambo hili kuliko soka. Ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi kuzunguka meza, mmoja husimulia kisa na kusimamia sheria, wengine hujivika nafsi za mashujaa, na dadu huamua kama upanga umempata adui.

Mchezo huo una kitabu, na kitabu kina mmiliki ambaye ni kampuni. Toleo la tatu lilitoka mwaka 2000 likiambatana na leseni iliyowaruhusu wachapishaji wengine kutumia sehemu kubwa ya sheria zake. Mwaka 2008 lilitoka toleo la nne lililobadilisha mambo mengi kwa mkupuo. Mashabiki wengi waliona kwamba mchezo wao umeondolewa na kuwekwa mwingine wenye jina lilelile. Mwaka 2009 kampuni nyingine, Paizo, ikatoa mchezo uitwao Pathfinder, uliojengwa juu ya sheria za toleo la tatu, na maelfu wakahamia huko.

Wenye mchezo walijifunza. Kabla ya toleo la tano la mwaka 2014, kuanzia mwaka 2012 waligawa rasimu ya sheria kwa yeyote aliyetaka kuijaribu, wakapokea maoni na kurekebisha. Toleo hilo likapendwa mno. Januari 2023, kampuni ilipotaka kubadili masharti ya leseni ile ya mwaka 2000, mashabiki walichachamaa kiasi kwamba kabla ya mwezi kwisha ililazimika kurudi nyuma na kuzitoa sheria za msingi zitumiwe na yeyote. Marekebisho ya mwaka 2024 yalitanguliwa tena na majaribio ya wazi.

Tofauti kati ya shabiki huyo na wa Temeke ni kubwa. Asiyependa toleo jipya la mchezo wa mezani hufungua kitabu chake cha zamani, akaendelea kucheza na rafiki zake hadi uzeeni. Shabiki wa Simba au Yanga hana kitabu cha zamani cha kurudia. Timu yake itacheza kwa sheria iliyopo, au haitacheza. Kwa sababu hiyo deni la kumweleza ni kubwa zaidi.

Sekunde nane za golikipa

Toleo la msimu wa 2025/26 lilileta badiliko linalofaa kutumiwa kama kipimo. Kwa miaka mingi golikipa alitakiwa kuachia mpira ndani ya sekunde sita, na akizidisha, wapinzani walitakiwa kupewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya eneo la hatari. Waamuzi waliona adhabu hiyo ni kali na ngumu kuisimamia, hivyo mara nyingi hawakuitoa, na magolikipa wakazoea kulala juu ya mpira. Sasa anaruhusiwa sekunde nane, na akizidisha wapinzani hupewa kona. Sekunde tano za mwisho mwamuzi huzihesabu kwa kuinua mkono na vidole vyake.

Badiliko hilo lilijaribiwa kwanza katika mashindano ya ngazi za chini. Tena hesabu yake inaonekana. Shabiki aliye mbali anaweza kuhesabu pamoja na mwamuzi, na golikipa hawezi kusema hakuonywa. Kwa vipimo vyetu vitatu, hiyo ni sheria inayoelekea kuzoeleka upesi.

Hata hivyo kuzoeleka kunategemea habari kufika. Katika mechi za mchangani, anayebeba mzigo wa toleo jipya ni mwamuzi kijana mwenye filimbi, asiye na ulinzi wala kipaza sauti, aliyezungukwa na mashabiki waliosimama hatua moja kutoka kwenye mstari. Akitoa kona ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, ataitwa mla rushwa. Kosa si lake, lakini kipigo chaweza kuwa chake. Hapo ndipo kuchelewa kwa maelezo kunapogeuka kuwa hatari kwa mwili wa mtu.

Nini kifanyike?

Njia zipo na hazihitaji fedha nyingi. TFF na vyama vya soka vya mikoa na wilaya vinaweza kutoa muhtasari wa Kiswahili wa mabadiliko ya kila mwaka, ukurasa mmoja tu, kabla ligi hazijaanza, na kuubandika pale tiketi zinapouzwa. Wasemaji wa klabu, ambao mashabiki huwasikiliza kuliko viongozi wengine wowote, wanaweza kutenga dakika chache za mikutano yao na wanahabari kueleza sheria mpya badala ya kuzitumia zote kutambiana. Vituo vya redio vyenye vipindi vya michezo vinaweza kumwalika mwamuzi mstaafu kila Julai. Na waandaaji wa ndondo wanaweza kuanza kila michuano kwa kikao cha manahodha, kitabu kikiwa mezani.

Kwa upande wa kanuni za mashindano, klabu zina sauti kupitia TFF, na TFF ina sauti ndani ya CAF. Kama goli la ugenini linaonekana kuwa kanuni iliyopitwa na wakati, mahali pa kulisemea ni kwenye vikao vya kabla ya msimu, wakati hakuna anayejua litamnufaisha nani. Kulalamika baada ya fainali ni haki ya mwenye uchungu, lakini hakujabadili matokeo ya mechi hata moja.

Mchezo utaendelea kubadilika. Hapakuwa na penalti hadi mwaka 1891, wala kadi za njano na nyekundu katika Kombe la Dunia hadi mwaka 1970, na bila shaka wajukuu wetu watacheka kusikia kwamba palikuwepo zama ambapo mwamuzi hakuwa na video. Shabiki wa Chang'ombe amethibitisha mara nyingi kwamba anaweza kuzoea. Anachodai ni kile ambacho mtoto wa chandimu hupewa bila kuomba: aambiwe sheria kabla mpira haujaanza.